Risasi Zilizopakwa Rangi ya Kucha

Asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida ilikuwa Jumatano. Habsa aliamka kabla ya adhana, kama siku zote, akanigusa mguu kwa kidole kimoja.

"Baba Asho, amka. Shetani amekukojolea masikio."

Tuliswali. Akapika chai ya maziwa ya ngamia, akatia iliki nyingi, maana alijua mimi sisemi, lakini ikipungua najua. Kisha akaweka makaa mawili kwenye dabqaad, kile chetezo chetu cha udongo, akanyunyiza uunsi juu yake. Uunsi ni ubani aliokuwa akiupika mwenyewe na sukari na manukato. Moshi ulipopanda akachukua shati langu akalitandaza juu yake. Dabqaad ikiwa moto aliishika kwa kiganja cha kulia. Ngozi ya kiganja hicho ilikuwa laini, inang'aa, haisikii joto. Nitasema kwa nini.

"Unaenda mnadani kunuka mbuzi," alisema. "Angalau uanze safari ukiwa safi."

"Mbuzi wenyewe hawajalalamika."

"Mbuzi hawajaolewa na wewe."

Nikavaa shati, nikaenda. Niliporudi adhuhuri nilimkuta amelala upande, mkono chini ya shavu, anasema kichwa kinamuuma. Siku ya pili yake, alasiri, tulimzika.

Ni miezi mitano sasa. Wanawake waliokuja kutoa pole walisema nyumba ya Habsa ilijulikana kwa harufu yake tangu barabarani. Ni kweli. Lakini iko miaka mitatu ambayo nyumba yangu haikunukia kitu, na mtaa mzima ulimsema kwa hilo. Sababu yake hawakuijua. Wakati ule haikufaa kusemwa. Sasa bunduki haipo, Bwana Holm hayupo, na Habsa hayupo. Kwa hiyo nasema.

Shule sikwenda. Herufi nilifundishwa jeshini na sajenti aliyependa fimbo. Nitaandika kifupi.

Habsa alizaliwa hapa Isiolo, kama mimi. Baba zetu waliletwa na jeshi la Waingereza, vita vikaisha, wakaambiwa kaeni hapa. Baba yake alifungua duka la ubani, zafarani, karafuu na dawa za tumbo. Habsa alisimama mbele ya mizani ya zafarani akiwa na miaka kumi. Mizani ile ilikuwa ndogo, sahani zake za shaba kama vifuniko vya chupa. Ukipumua karibu nayo inacheza. Baba yake alipokufa, kaka zake waligawana duka. Yeye aliomba mizani tu. Walimcheka.

Mimi nilikuwa mbeba bunduki wa Bwana Holm. Alikuwa Msweidi. Aliuza shamba lake upande wa Timau, akajenga nyumba ya mabati karibu na mto, akakaa na mbwa wawili. Serikali ilimpa kibali cha kuua wanyama waliovamia mashamba na mifugo. Fisi akizoea zizi, mbogo akiingia mahindi, wanamwita Holm, na Holm ananiita mimi. Mimi nasoma nyayo, natembea mbele. Yeye anakuja nyuma na bunduki.

Bunduki ilikuwa Mauza ya zamani, tumbo lake linakula risasi wanazoita tisa nukta tatu. Bwana Holm alisema Wajerumani waliitengeneza kabla ya vita vya kwanza, kwa ajili ya wakulima wa Afrika wasioweza kununua bunduki za matajiri. Risasi yake ni ndefu na nzito, haina haraka. Nimeona bunduki za wageni zinazolia kama radi na kuharibu nusu ya mnyama. Hii ilisukuma tu. Ilifika inapotaka kufika, ikakaa huko. Ukimpiga swala, unaweza kumla mpaka kando ya tundu.

Shida ilikuwa moja. Risasi zake hazikuletwa tena. Mwaka sabini na nne duka la Nairobi lilimjibu Bwana Holm kwamba hawana, na hawajui kama watapata. Yeye alikuwa na mashine ndogo ya kujazia risasi, ya kubana kwa mkono. Alikuwa na debe la baruti, fataki za kuiwasha, na vichwa vya risasi kwenye kopo. Ganda la shaba likishatumika unaliokota, unalisafisha, unatia fataki mpya chini, baruti ndani, kichwa juu, unabana. Ni risasi tena.

Lakini macho yake yalikuwa yamekufa kwa karibu. Mbali aliona vizuri kama tai. Akitazama kiganja chake aliona ukungu. Na mikono ilitetemeka.

"Hersi," akasema, "wewe fanya."

Nikafanya. Nilijaza kumi mchana mmoja, naongea na mtu mlangoni. Wiki ile tulitoka, akamlenga choroa aliyevunjika mguu. Bunduki haikulia. Ilisema *puf*, kama mtu anayetema kokwa. Mimi nikasema mpe nyingine haraka. Yeye akainua mkono. Akatoa bolti, lile komeo la nyuma, akatazama ndani ya mtutu juani. Hakuona mwanga upande wa pili. Nilisahau kutia baruti kwenye ganda moja. Fataki peke yake ilisukuma kichwa mpaka katikati ya mtutu, kikakwama. Angepiga nyingine nyuma yake, chuma kingepasuka mbele ya uso wake.

Alikaa chini, akacheka kidogo, halafu akaacha.

"Wewe nataka ua mimi, Hersi? Sema tu. Mimi naandika barua ya kwenda Sweden."

Nilirudi nyumbani sina hamu ya kula. Habsa akaniuliza. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kwenye sanduku lake akatoa ile mizani.

"Leta hiyo mashine hapa," alisema. "Wewe mikono yako ni ya kuvuta ngamia."

Bwana Holm alikuja mwenyewe siku ya kwanza. Alimpa kipande kidogo cha shaba. Baruti ya risasi moja lazima iwe na uzito sawa na kipande hicho, isizidi, isipungue. Habsa akaweka kipande sahani hii, akadondosha baruti sahani ile kwa ncha ya kijiko, chembe kwa chembe, amefunga pumzi. Bwana Holm alitazama bila kuona. Akaniuliza mimi, "Ni sawa?" Nikamwambia mizani imelala kabisa.

"Mama," akasema, "baruti hii nataka kaa mbali na moto. Hata sigara hapana. Hata makaa kidogo hapana."

"Nimesikia," alisema Habsa.

Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja na pazia. Jiko lilikuwa nje. Moto pekee uliokuwa ukiingia ndani ni dabqaad. Siku ile ile aliitoa, akaiosha majivu, akaipindua chini ya kitanda. Mimi sikuuliza. Sikuelewa amefanya nini mpaka watu waliponielewesha.

Alifanya kazi asubuhi tu, kabla ya joto, mbele ya dirisha. Nilimtobolea ubao matundu. Maganda matupu yalisimama humo yamepindua midomo chini. Ganda likipata baruti ndipo linageuzwa mdomo juu. Akimaliza kujaza, anatazama ndani ya kila moja kwenye mwanga, mara mbili. Ukimsemesha anamwaga yote anaanza upya. Mwishoni alipaka fataki rangi nyekundu ya kucha, duara dogo, safi. Rangi ilikuwa shauri la Bwana Holm, inazuia jasho na unyevu. Lakini Habsa aliifanya muhuri. Risasi isiyo na nyekundu sikuruhusiwa kuibeba. Akashona mfuko wa blanketi wa kuziwekea ili jua lisizipike, maana baruti ikipata joto la huku kwetu inakuwa kali kupita ilivyopimwa. Nyumbani alizitundika kando ya mtungi wa maji.

Nikirudi porini ananipokea na swali moja. "Ngapi zimelia, ngapi zimerudi?" Nilimpa maganda na risasi zilizobaki. Nikileta pungufu, naulizwa kama mwizi.

Miaka mitatu hakuna hata moja iliyokataa. Hata moja.

Rangi alinunua kwa Mutembei, Mmeru mwenye duka karibu na stendi. Mutembei alimtazama vidole, havina kitu, maana Habsa alisema rangi inazuia udhu.

"Mama Asho, hii rangi unapaka ama unakunywa?"

"Nakunywa. Ongeza chupa moja."

Maneno yakatembea. Mwanamke ananunua rangi ya kucha, kucha zake hazina rangi. Nyumbani hawashi uunsi. Kwetu mwanamke asiyemfukizia bwana wake nguo amemchoka, au ana jambo. Hakuna anayehitaji kuelezwa. Jirani yetu Khadijo, mwanamke mwenye sauti ya mnadani, hakuficha.

"Habsa, nyumba yako hainuki kitu. Ni kama ofisi ya DC. Umegombana na bwana?"

"Pua zangu zinauma, dada."

"Pua zako! Na pua za Hersi je?"

Hakuweza kusema ukweli. Karatasi ya kibali ya Bwana Holm ilikuwa kwenye sanduku, ina muhuri. Lakini vita vya shifta, vya serikali na Wasomali, vilikuwa vimekwisha juzi juzi. Msomali wa Isiolo akikutwa na debe la baruti mezani, karatasi ya Mzungu ingesomwa mwisho, baada ya mambo mengine yote. Kwa hiyo alinyamaza. Aliacha watu waseme hampendi mume wake, ili mume wake asifikiwe na mbogo akiwa na bunduki iliyosema *puf*.

Mimi nilijua hayo. Na bado maneno yaliniingia. Hilo ndilo zito kuandika.

Siku moja mwaka sabini na sita nilikuwa kwenye chai na Denge, muuza ngamia. Akaninusa bega mbele ya watu.

"Huyu mzee ananuka sabuni ya kipande," akasema. "Hersi, siku hizi unalala na mbwa wa Holm?"

Watu walicheka. Nami nilicheka, lakini sikumaliza chai. Njiani nilinunua pakiti ya uunsi, nikaenda kwa Khadijo. Nilimwambia, "Wewe ni mwanamke mwenzake. Mfundishe. Siku moja mwingilie tu na dabqaad ikiwa inawaka, ataona haya, ataanza." Nilidhani atangoja Ijumaa. Ijumaa mezani hapakuwa na kazi, na debe lilikuwa limefunikwa sandukuni. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya.

Wiki ile ile mtu alikuja kutoka Rapsu. Jina lake Halkano. Alikuwa mmoja wa Waborana waliopoteza ng'ombe kwa ukame, wakapewa mifereji walime mahindi. Alisema mbogo dume ameingia katika mashamba, ana waya wa mtego uliomkata shingo, ana hasira ya kidonda. Mbogo huyo alikuwa amemuua ndugu wa Halkano mferejini. Sasa hakuna anayethubutu kwenda kufungua maji, na mahindi yanakauka yakiwa yamefika kiunoni.

"Tunakaa juu ya miti kama nyani," alisema Halkano. "Watoto wanauliza tutakula nini, tunawaambia ulizeni mbogo."

Bwana Holm akatazama kopo la vichwa vya risasi. Vilibaki vitatu. Vingine viliagizwa ng'ambo tangu mwaka uliopita na havikuja. Risasi tatu, mbogo mmoja mwenye kidonda, na anayetembea mbele ni mimi. Habsa alihesabu hivyo hivyo. Niliona usoni mwake.

Jumatano asubuhi alikaa mezani. Akamaliza ya kwanza, akaipaka rangi. Maganda mawili yalikuwa bado yamepindua midomo chini. Alikuwa hajaswali rakaa zake za sunna za dhuha, akasimama aswali, baruti iko wazi mezani, maana nyumba haikuwa na moto. Mimi nilikuwa barazani nanoa kisu.

Khadijo akaja. Ameshika dabqaad, inawaka vizuri, moshi unamtangulia. Alipita mbele yangu akinikonyeza. Nilipoita jina lake alikuwa ameshavuka mlango.

"Leo, dada, utanukia utake usitake!"

Habsa alikuwa amesujudu. Namjua mke wangu. Nyoka aliwahi kupita mbele ya mkeka wake akamaliza swala ndipo akamwita mtu. Siku ile aliikata. Aliinuka, akaiona dabqaad inafika mezani, cheche zinaruka. Aliishika kwa mkono wa kulia, kwa juu, pale penye makaa, akapita nayo katikati yetu mpaka uani, akaitupa. Ikapasuka. Makaa mengine yalibaki yamemshika kiganjani. Akayakung'uta kwenye mchanga.

Khadijo alipiga kelele hadi Barabara ya Moyale. "Amenivunjia! Amenifukuza na uunsi mkononi! Huyu mwanamke ana wazimu!" Akaondoka na habari mpya ya mtaa, kwamba Habsa hataki hata moshi wa mapenzi uingie kwake. Ilizungumzwa mwaka mzima.

Mimi nilimmwagia maji mkononi. Ngozi ilikuwa imeshatoka. Nilisema, "Wacha. Hizi mbili wacha. Tutaenda na moja, au hatuendi."

"Halkano anangoja chini ya ukuta tangu jana," alisema. "Nifunge kitambaa. Acha vidole viwili nje."

Nikafunga. Akarudi kwenye rakaa zake, akaswali upya. Kisha akakaa mbele ya mizani. Alitumia vidole viwili na mkono wa kushoto. Jasho lilimtoka kwenye midomo. Mara tatu alimwaga na kupima tena. Nilibana mashine mimi, yeye anatazama. Alipofika kwenye rangi mkono ulikataa. Duara la nyekundu lilitoka nje ya mstari, likachafua shaba. Zote mbili. Aliziangalia kwa hasira, kama aliona aibu.

"Ndani ziko sawa," aliniambia. "Nje usiziangalie."

Tulifika Rapsu Alhamisi. Halkano alituonyesha mahali ndugu yake alipofia. Mstari wa mahindi ulikuwa umekanyagwa, na nyayo za dume zilikuwa mbichi, mguu wa mbele unaburuta. Bwana Holm alisukuma risasi tumboni mwa bunduki mbele ya macho yangu. Kwanza zile mbili zilizochafuka, juu yake ile safi. Nikajua mpango wake bila kuuliza. Safi italia kwanza. Ikihitajika nyingine, itakuwa ya mkono uliofungwa kitambaa.

Tulimkuta kwenye miti ya mikoma, kando ya mfereji, amesimama kivulini. Bwana Holm alipiga. Nilisikia risasi ikimfikia, sauti kama kofi kwenye gunia la unga. Dume akapiga magoti, akainuka, akapotea ndani ya kichaka. Bwana Holm akavuta bolti, akaingiza ya pili. Tukangoja muda wa kuvuta sigara mbili. Hakuna mlio wa kufa.

"Twende," akasema. "Pole pole."

Nilikwenda mbele. Damu ilikuwa nyeusi, ya tumbo. Dume alikuwa amezunguka. Hakuwa mbele yetu. Alitoka kando, hatua kumi na tano, kichwa juu, macho yananitazama mimi kama anayemtambua mtu. Bwana Holm aligeuka kwa haraka, mguu ukaingia mferejini, akaanguka chali. Bunduki ikanijia miguuni.

Niliiokota. Katika maisha yangu nilikuwa nimebeba bunduki ile maili nyingi, na kuipiga mara chache. Nilisema Bismillah. Niliona mambo mawili kwa wakati mmoja, pua ya mbogo kwa macho, na kwa akili duara la rangi lililotoka nje ya mstari. Nikavuta.

Ililia.

Alianguka hatua nne mbele yangu, vumbi likanifunika. Bwana Holm alijivuta kutoka majini, akachukua bunduki mikononi mwangu, akaingiza ya tatu, akamwelekezea mtutu sikioni. Hakuipiga. Alinipa ishara. Dume alikuwa bado anapumua, nikamchinja, nimemwelekeza kibla. Wengi kwetu hawali nyama ya porini. Lakini mbogo anafanana na ng'ombe, na mwaka ule hakuna aliyeuliza sana. Mguu wa nyuma wote ulikwenda kwa mjane wa ndugu yake Halkano. Jioni ile ile maji yaliingia mashambani. Nilisimama nikayasikia yakipita.

Tukirudi, Bwana Holm alisimama Kinna kunywa maji. Kisha akasema, "Hersi. Ya kwanza napiga mimi. Ya pili napiga wewe. Lakini mama, yeye napiga yote."

Habsa alikuwa mlangoni, mkono kifuani.

"Ngapi zimelia?"

"Mbili."

"Ya tatu iko wapi?"

Nikampa. Akaipindua, akatazama ile rangi iliyochafuka, akaiweka kando ya mtungi. Kisha akaingia ndani, nikamsikia analia nyuma ya pazia. Nilibaki nje. Nilitaka kumwambia nani alimtuma Khadijo. Nilishindwa siku ile, na kesho yake, na mwezi uliofuata. Unashukuruje mtu kwa kukuokoa na mkono uliouchoma wewe?

Mwezi wa tano mwaka sabini na saba redio ilitangaza uwindaji umefungwa Kenya nzima. Bwana Holm alizima redio, akakaa na mbwa wake. Wiki ile tulipeleka kila kitu kwenye kituo, Mauza, mashine, debe, na ile risasi moja. Askari aliyepokea aliitwa Zachary. Alipindua risasi akaona nyekundu.

"Hii ni damu?"

"Hapana," alisema Bwana Holm. "Rangi ya kucha."

Zachary akatazama kucha za Bwana Holm, moja moja, kisha zangu. Akaandika kitu ambacho sikukisoma.

Nilirudi nyumbani mikono mitupu. Habsa alikuwa anafuta meza kwa kitambaa kibichi, pembe zote, mara ya tatu. Mizani alikuwa ameirudisha sandukuni. Juu ya kitanda kulikuwa na dabqaad mpya, haijaona moto. Sijui aliinunua lini. Nilikaa chini. Nilimwambia yote, ya Denge, ya pakiti, ya Khadijo, na kwamba mkono ule niliuunguza mimi.

Hakuacha kufuta. Alimaliza pembe ya mwisho, akakamua kitambaa nje ya dirisha, ndipo akanigeukia. Tuliishi miaka tisa baada ya hapo, na kila asubuhi shati langu lilipita juu ya moshi wake. Maneno aliyosema siku ile nayaweka hapa kama alivyoyasema:

"Nilijua siku ile ile. Khadijo hachomi uunsi wake bure kwa mtu. Sasa lete makaa, Baba Asho. Miaka mitatu nimekutunza bila moshi, leo wacha Khadijo naye anuse."